Pimbi, Nyati na Chumvi ya Mbali

— Paukwa!
— Pakawa!
— Gari limefika?
— Bado!
— Barabarani kuna nini?
— Vumbi tupu!
— Basi tukae?
— Tukae, Bibi, utusogezee saa!

Kaeni basi. Wewe Sikudhani, shuka kwenye hilo kreti, si lako, ni la Bwana Kachenje mwenye duka, naye leo hana raha kama sisi wengine. Unga haujaja, sukari haijaja, na kila mkisikia mlio mnainuka kama kuku waliosikia pumba zikimwagwa. Mimi mwenyewe miguu inaniwasha. Nitasimulia, lakini jicho langu liko barabarani, na atakayenikatiza nitaachia hapo hapo, atajijua mwenyewe.

Hapo kale palikuwa na nchi ikiitwa Nyuma ya Mlima. Maji yalikuwepo, majani yalikuwepo, na nyuki walikuwa wengi mpaka wengine wakawa wanalala nje kwa kukosa mizinga. Kitu kimoja tu hakikuwepo: chumvi. Na mnyama bila chumvi, jamani, hana lake. Magoti yanalegea, usingizi unapotea, mtoto analamba ukuta, mkubwa analamba jasho la mwenzake kisha anaona aibu.

Njia ya kutoka nchi hiyo ilikuwa moja, korongo jembamba kati ya majabali mawili. Ndani ya korongo alikaa Nyati. Wala hakukaa pembeni. Alikaa katikati, ubavu huu unagusa jabali hili na ubavu huu unagusa jabali lile, hata mjusi akitaka kupita ilibidi amwombe Nyati avute tumbo ndani.

Wanyama walipika nta ya nyuki, wakaifinyanga madonge, wakampelekea. Nyati aliiweka ghalani kwake. Nta ikijaa, alishuka nayo huko chini, kwa watu wanaotengeneza mishumaa. Watu wakampa magunia ya pumba, akala mwenyewe. Akirudi, aliwapa wanyama chumvi. Chumvi yenyewe kidogo, tena ina mchanga.

"Nyati, mbona chumvi kidogo?"

"Ni mbali."

"Nyati, mbona ina mchanga?"

"Ni mbali."

"Nyati, mbona mwaka jana donge la nta lilitoa bakuli, na mwaka huu linatoa kiganja?"

"Ni mbali."

Kobe, ambaye huuliza polepole lakini huuliza, akasema, "Lakini si ni kule kule kwa mwaka jana?"

"Kumezidi kuwa mbali," Nyati akajibu, akafumba macho.

Sasa niwaeleze desturi yao, maana hapa ndipo hadithi iliposhika. Nyuma ya Mlima hawakupima njia kwa hatua wala kwa jua. Walipima kwa mapumziko. Ukimwuliza mtu, kwa shangazi yako ni mbali gani, anakwambia, unapumzika hapa, unapumzika pale, umefika. Na anayekuchukulia mzigo, kila akipumzika anachota kiganja kimoja kutoka kwenye huo mzigo, cha kufutia jasho. Mwenye mzigo analipa. Ilikuwa desturi ya huruma, walioianza walikuwa watu wazuri. Lakini nyie fikirini. Mchukuzi anayelipwa kwa kupumzika, atakimbia?

Nyati alikuwa akirudi na kusema, "Nimepumzika, nimepumzika, mpaka nimesahau idadi." Na kila pumziko ni kiganja. Wanyama wale, badala ya kukasirika, wakamhurumia. "Pole, Nyati. Kumbe ni mbali hivyo." Wakaenda zao na mkono karibu mtupu, wanasikitika kwa niaba yake.

Haya. Juu kidogo ya korongo, chini ya jiwe, alikaa Pimbi. Mdogo, wa mviringo, mkia hana. Mkewe alichukuliwa na tai kiangazi kile, akabaki na mwanawe mmoja. Na mtoto yule alikuwa hasimami vizuri. Miguu ilimtetemeka, akawa anazunguka akilamba mawe. Lamba, lamba, lamba.

"Baba, hili jiwe lina ladha?"

"Halina, mwanangu."

"Nililamba na lile jingine. Nalo halina."

Pimbi alikuwa akisikia hivyo anatoka nje, maana hakuweza kumtazama.

Siku moja, viu! Mbayuwayu akaingia pangoni. Kila mwaka alikuwa anajenga kwenye dari la Pimbi, halipi kodi ila habari.

"Umetoka wapi, jirani?"

"Usiniulize, nimechoka. Huko chini kumebadilika."

"Kumebadilikaje?"

"Hawataki nta."

Pimbi akakaa chini. "Tangu lini?"

"Tangu wapate taa inayokula jua mchana na kulitoa usiku. Mishumaa wamewaachia watoto wachezee."

"Nani kawaambia waache?"

"Hakuna aliyewaambia. Watu wa huko wakigeuka wanageuka tu. Zamani si walitaka miiba ya Nungunungu?"

Pimbi alikumbuka. Enzi zile Nungunungu alikuwa akipita wote wanasimama, shikamoo hazikatiki. Kisha huko chini wakachoka na miiba, na leo Nungunungu analalia rundo lake mwenyewe, linamchoma, hakuna anayemuuliza hali.

Pimbi akaogopa. Aliogopa kweli. Aliwaza, watu ambao hawajawahi kuiona nchi hii, wala hawajui kama ipo, wamegeukia upande mwingine, na mwanangu huku juu ndiye atakayekosa chumvi.

"Nyati anajua?" akauliza.

"Atajulia wapi? Hajashuka tangu mvua. Na mimi siongei naye, ana kiburi."

"Atashuka lini?"

"Nta ikijaa."

Nta ikijaa! Na kila siku wanyama walikuwa wanapeleka nta. Kobe anapeleka, Digidigi anapeleka, Nungunungu anapeleka. Ghala likijaa tu, Nyati atashuka, ataambiwa hatutaki, atarudi na kusema sitaki, na chumvi imekwisha hapo. Pimbi akalizunguka jiwe lake. Akalizunguka tena. Akakaa, akainuka, akakaa. Mtoto akamwuliza, "Baba, unatafuta nini?" Akasema, "Muda."

Alipoacha kuzunguka, alikwenda moja kwa moja kwa Kanga. Mnamjua Kanga, mdomo wake hauna mlango.

"Kanga, nina siri."

"Niambie. Mimi nikiambiwa nimeambiwa."

"Huko chini nta inagombaniwa. Donge moja wanapigania watu wanne. Mimi yangu siuzi, naificha. Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Pimbi hajafika kwake akasikia kichakani, kerekere kerekere kerekere! Jua halijatua, hata vyura walikuwa na habari. Kila mtu akaficha nta yake. Digidigi kwenye kichaka, Nungunungu kwenye shimo, Kobe akailalia. Siku iliyofuata hakuna aliyekwenda korongoni.

Nyati akangoja. Kimya. Akangoja tena. Kimya. Akaanza kupiga kwato, di, di, di, akichungulia juu. Mwishowe akamwona Kanga anapita, na Kanga alikuwa anapita pale kwa makusudi.

"Kanga, nta ziko wapi?"

"Nimekatazwa kusema."

"Sema."

"Huko chini wanauana kwa ajili ya nta," Kanga akasema, akaongeza na yake. "Donge moja, pumba ghala zima. Wenzio wote wanajua, wewe peke yako ndiye hujui."

Nyati angeweza kushuka akaulize mwenyewe. Lakini huko kwa watu ni mbali, hilo ndilo neno moja la kweli alilokuwa akilisema. Akawaza, nikishuka kuuliza, wakati narudi hawa watakuwa wamepata njia nyingine ya kuuzia. Pumba zile akaziona mbele ya macho yake, mate yakamdondoka. Akatoka korongoni, akasimama chini ya jiwe la Pimbi.

"Pimbi, una nta?"

"Ninayo."

"Ilete."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mbali."

Nyati akatega sikio upya. Neno hilo alizoea kulitoa, hakuwahi kupewa.

"Mbali gani? Si kwako pale napaona?"

"Kuona, hata mwezi unauona," Pimbi akasema. "Ukiitaka nta yangu, beba chumvi yako yote, uje nayo mwenyewe. Mimi nitakuonyesha njia."

"Yote?"

"Basi acha. Kuna mwingine ameulizia."

"Nani?"

"Siwezi kumtaja, nimempa neno langu."

Hakukuwa na mwingine, nyie mnajua, mimi najua. Lakini mlafi ukimwambia kuna mwingine, masikio yanaziba. Nyati akarudi mbio, akajitwika magunia ya chumvi, yote, hata lile la akiba. Wakaondoka.

Kwa Pimbi palikuwa pale juu, ungeweza kurusha jiwe likafika. Lakini Pimbi hakupanda. Akashika njia ya kuuzunguka mlima. Di, di, di, Nyati nyuma yake. Wakafika kwenye kivuli.

"Pumzika, mzee wangu."

"Sijachoka."

"Najua. Lakini kwetu mgeni mwenye hadhi hapiti kivulini bila kukaa. Wanaopitiliza ni wale wa hivi hivi."

Nyati akajiona mwenye hadhi. Akakaa, pu! Pimbi akatia mkono guniani, cha! Kiganja kikatoka, akakitia kwenye ufa wa jabali.

"Ya nini hiyo?"

"Ya mapumziko."

"Mbona mbeba mzigo ni mimi?"

"Wewe umebeba chumvi, mimi nimebeba njia. Bila njia, chumvi yako inakwenda wapi?"

Nyati akatafuta jibu. Jibu lilikuwepo, lakini kila alipolishika aliona ni lile lile alilokuwa akiwaambia wenzake, limegeuzwa tu. Akainuka. Di, di, di. Kivuli kingine.

"Pumzika, mzee wangu."

Pu! Fuuu. Cha!

Di, di, di. Kivuli kingine.

"Pumzika, mzee wangu."

Pu! Fuuu. Cha!

"Bado?"

"Ni mbali."

"Pimbi, mbona jiwe hili kama nimeliona?"

"Mawe ya huku ni ndugu, yanafanana."

Di, di, di. Pu! Fuuu. Cha! Mwanzoni Pimbi alikuwa akimbembeleza akae. Baadaye Nyati mwenyewe ndiye aliyekuwa anatafuta kivuli, ulimi nje. Na kila akikaa, cha! Magunia yakalegea, yakakunjana, yakaning'inia. Walipofika kwa Pimbi, ile chumvi iliyobaki ungeweza kuibeba kwenye jani la mgomba.

"Sasa nta," Nyati akasema, sauti imekauka.

"Chukua. Zote. Wewe ni mtu wangu, sikufichi kitu."

Nyati akazibeba nta za Pimbi. Mgongoni, shingoni, na donge kubwa kuliko yote kichwani, katikati ya pembe, ili lisimpotee. Pimbi akamfungia kwa kamba, akamtakia safari njema. Nyati akashuka, akapita korongo lake bila hata kukaa, akaenda zake huko chini akiota pumba.

Pimbi hakungoja vumbi litulie. Alikimbilia zile nyufa za majabali, akachota chumvi, akampelekea mwanawe kwenye kiganja. Mtoto akalamba. Akasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Akalamba tena. Kisha akakilaza kichwa kwenye mguu wa baba yake, akalala, miguu imetulia. Pimbi akalia. Alifurahi, na alikuwa amechoka, na alimkumbuka mama wa mtoto.

Na Nyati je? Jua la huko chini si jua la mlimani. Nta ikaanza kulainika. Ikateleza huku, ikateleza kule, ikamjaa kwenye mizizi ya pembe. Alipofika kwa watu, wakamzunguka wakicheka. "Hii ya nini? Nani siku hizi anawasha mshumaa?" Hata pumba ya kuonja hakupewa. Jioni ikapoa, nta ikaganda pale pale kichwani. Mkimwona nyati leo mtazameni vizuri, lakini kwa mbali, pembe zimeungana juu ya paji kama kitu kilichoyeyuka kikashika. Basi ndiyo hiyo. Kwa aibu hakurudi tena Nyuma ya Mlima, alibaki huko kwenye matete.

Nyamazeni, huo si mlio wa gari. Ni pikipiki. Kaa, Sikudhani.

Sasa Pimbi akatamani kuhakikisha kwamba Nyati amekwenda kweli. Akaingia korongoni. Hakuna mtu. Hajawahi kuingia mle maisha yake yote, wala baba yake, wala babu yake. Akatembea akisikiliza. Kona ya kwanza, hakuna mtu. Kona ya pili, akasimama.

Chumvi. Nyeupe, pana, imelala juani kama nguo iliyoanikwa, na upepo unaitia mchanga. Kwato za Nyati zimejaa hapo, za kwenda na kurudi, na pembeni pamebonyea mahali alipokuwa akilala. Pimbi akageuka nyuma kutazama alikotoka. Hakuwa amepumzika hata mara moja.

Watu wa nta ndio waliokuwa mbali. Chumvi ilikuwa hapa hapa siku zote. Pimbi akakasirika mpaka meno yakagongana. Alikumbuka mwanawe anavyolamba mawe, akakumbuka viganja vyote na pole zote walizompa Nyati. Akasema, nitarudi, nitawaita wote, nitapanda juu ya jiwe na kupiga kelele mpaka wafike. Akageuka akakimbia.

Mlangoni mwa korongo akakutana na Kobe. Kobe ana madonge ya nta mgongoni, ametoka kwake tangu asubuhi.

"Pimbi, tulisikia nta imepanda. Nimeilalia yangu mpaka imechukua umbo la tumbo langu. Nyati yuko wapi?"

"Ameshuka."

"Atarudi lini?"

"Sidhani kama atarudi."

Kobe akafikiri, polepole. "Mke wangu magoti hayasimami," akasema. "Wewe umetoka huko ndani. Chumvi iko wapi?"

Pimbi akafungua mdomo. Akatazama nyuma yake, kwenye kona. Akamtazama Kobe, na ile nta mgongoni, na lile korongo jembamba ambalo hata Pimbi angeweza kuliziba, akisimama katikati akatanua mikono.

"Ni mbali," akasema.

"Mbali gani?"

"Utapumzika mpaka usahau idadi. Lakini niachie mimi, nitakuchukulia."

Kobe akamtazama kwa huruma. Akashusha nta, akaiweka miguuni pake.

"Pole, Pimbi," akasema. "Pole sana."

Toka siku hiyo pimbi hatulii. Mtamwona juu ya jiwe, shingo huku, shingo huku, ukikohoa tu ametumbukia shimoni. Watu husema anamwogopa tai. Mimi nasema anamwangalia Kobe, asije siku moja akaamua kwenda kujionea mwenyewe. Kobe ni mzito, lakini huuliza.

Mnataka funzo? Funzo lipo. Tusiwe walafi na waongo kama Nyati, tuwe wakweli na wenye huruma kama Pimbi. Na mtu akikwambia ni mbali, usiende kuchungulia kona ya pili, ni utovu wa adabu. Mpe kiganja chako, mpe na pole, urudi nyumbani ukalambe ukuta. Bwana Kachenje, usinikazie macho hivyo, mimi nimesema habari za wanyama. Nimetaja duka mimi? Nimetaja bei?

Hadithi yangu nimeitua hapa, anayeiweza aibebe, apumzike anapotaka.

— Gari limefika?
— Bado!
— Sukari ikifika itapanda?
— Itapanda!
— Kwa nini?
— Ni mbali!
— Basi tunasemaje?
— Pole, Bwana Kachenje! Pole sana!